Gari la Marehemu Litatokaje Uani?

Ukiteremka kutoka Ganjoni kwenda Mbaraki, ukaziacha nyuma honi za mjini ukaingia katika njia ambamo malori ya bandari hupishana na tuktuk na watoto watokao chuoni, tupia jicho ndani ya nyua za watu. Nyuma ya malango ya mabati utaona motokaa zilizolala. Moja imefunikwa turubai lililochanika, nyingine haikufunikwa kitu. Matairi yamekaa chapati, kuku watagia chini ya kiti cha nyuma, na juu ya boneti pameanikwa mikeka na nguo za watoto. Ukimwuliza mwenye nyumba, jibu ni moja tu: "Gari lingali zima hili. Lataka fundi."

Basi hapo ndipo pana swali ambalo watu huniuliza kila mara. Gari lililolala miaka, lisilo na bima, lisilotembea, litapelekwaje gereji bila ya mtu kujikuta mbele ya hakimu? Vijana huliona swali hili kuwa la wazee waoga. "Gereji si hapo tu, Shimanzi?" husema. "Dakika kumi, alfajiri, polisi hawajatoka." Nami huwajibu kwamba gari lililolala lina milango miwili ya kupita kabla halijamfikia fundi. Wa kwanza ni lango la ua, ambalo gari likilivuka tu, sheria ya barabara yalipokea. Wa pili uko ndani zaidi, nao ni lile jina lililoandikwa katika logibuku. Katika nyumba zetu nyingi za Pwani, jina hilo ni la mtu ambaye tulimzika zamani.

Nitaeleza habari za nyumba moja ya hapo Mbaraki, si mbali na ile nguzo ya kale ya mawe iliyo kando ya msikiti. Wenyewe wameniruhusu kuandika, ila majina yao nisiyataje. Mwenye nyumba alifanya kazi bandarini maisha yake yote, na katika miaka ya themanini alinunua, kwa mkono wa pili, Peugeot 504 stesheni wagoni. Mtu wa makamo yangu hahitaji kuelezwa 504 ilikuwa nini. Ndiyo iliyoshinda mbio za magari za Safari mwaka 1975 na tena mwaka 1978. Ndiyo iliyokuwa teksi ya safari ndefu kabla ya matatu hizi za leo. Ndiyo iliyobeba maharusi, magunia ya mchele, na siku nyingine wagonjwa. Vibao vyake ni vya ule mtindo wa kale, herufi tatu na tarakimu tatu basi, kwa kuwa herufi ya nne ya mwishoni ilikuja na mfumo ulioanza mwaka 1989.

Marehemu alifariki mwaka 2014, akazikwa Kikowani. Aliacha mke, mwana mmoja wa kiume, na mabinti wawili, mmoja wao mtoto wa miaka mitatu. Wazazi wake walikuwa wamekwisha kumtangulia. Tangu wiki ile ya matanga gari halikutoka. Kwanza ilikuwa ni eda na huzuni, kisha ikawa hakuna fedha, kisha ikawa mazoea.

Mwaka huu yule mwana, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye kazi yake, aliamua kulifufua. Akamleta rafiki mwenye pikapu na kamba nene, siku ya Ijumaa baada ya sala. Kamba ikafungwa chini ya bampa. Mamake akatoka akasimama langoni na leso yake, hakupandisha sauti.

"Mwanangu, gari la nani hilo?"

"La baba, mama."

"Na babako yuko wapi, akamjibu polisi?"

Kijana akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Kamba ikafunguliwa. Nami nikaitwa, kwa sababu marehemu alikuwa rafiki yangu, na kijana huniita ami.

Tuanze na lango la nje. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, haisemi kwamba barabara ni lami peke yake. Yahesabu kuwa barabara njia yoyote ambayo vyombo vyaweza kupita na watu wa kawaida wana ruhusa ya kuifikia, na kwa kutaja hasa imetia humo maegesho ya magari, vijia vya watu wa miguu, na gati. Kwa mtu wa Mbaraki hilo neno la gati si dogo, kwani wako wadhanio kwamba kule chini kwenye mabohari na gati la Mbaraki ni pahali pa kujaribia magari mabovu kwa kuwa si "mjini." Kile kichochoro cha mchanga mbele ya nyumba nacho ni barabara. Ndani ya ua, gari ni kama kabati: hata likiwa halina magurudumu, hakuna askari wa trafiki atakayeligombeza. Lakini gurudumu la mbele likishavuka kizingiti, laulizwa mambo yote kwa mara moja. Limesajiliwa? Vibao viko mahali pake? Bima iko? Aliyeshika usukani ana leseni ya aina hiyo ya gari? Na lenyewe, breki na taa na matairi, li katika hali isiyohatarisha watu? Kuhusu vibao peke yake, kanuni za makosa madogo ya trafiki za mwaka 2016 ziliweka faini ya shilingi 10,000.

Lililo kubwa katika hayo yote ni bima. Sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, yamkataza mtu kutumia gari barabarani, au kumwachia mwingine alitumie, bila ya ile bima ya kuwalipa watu wengine watakaodhurika, ambayo wengi twaiita thad pati. Tazama vizuri maneno hayo ya "kumwachia mwingine." Anayeendesha ana kosa, na aliyempa ufunguo ana kosa. Adhabu yake yaweza kuwa faini, yaweza kuwa jela, yaweza kuwa yote mawili. Wala haikumpa raia ruhusa ya siku moja kwa kuwa aenda gereji, au kwa kuwa gereji ni karibu.

Faini mtu huilipa ikaisha. Mimi huogopa jingine. Barabara ya Mbaraki si pahali pa kujulia kama breki zashika. Matrela yaja na kwenda, watu wa pikipiki wapenya katikati yake, na mchana watoto wavuka makundi makundi. Gari lililokaa miaka kumi pembezoni mwa bahari halina breki za kuaminiwa, hata kama ukikanyaga pedali yarudi juu. Likimgonga mtoto wa jirani, kampuni ya bima haipo. Kwa gari lenye bima ya kisheria, kampuni yaweza kubeba fidia ya mtu mmoja mpaka shilingi milioni 3. Lisipokuwa nayo, fedha hizo hutafutwa katika mfuko wa dereva, na mfuko wa dereva ukiwa mtupu, watu huanza kutazama nyumba na kiwanja. Hapo ndipo safari ya dakika kumi humaliza mali ya watu wanne.

Kijana akaniambia, "Lakini ami, mimi sikutaka kuliendesha. Lingevutwa kwa kamba, injini haiwaki." Hoja hii naisikia sana, nayo ni dhaifu. Gari linalovutwa kwa kamba lingali na magurudumu yake chini, lina mtu ameshika usukani, na mtu huyo ndiye awaye na kazi ya kukata kona na kushika breki. Askari akilisimamisha atamwona dereva, hataona mzigo. Tena wale waliowahi kuvutwa wajua kuwa injini ikiwa imezimwa pedali ya breki ya gari kama 504 huwa ngumu kama jiwe, kwa kuwa nguvu ya kuisaidia hutoka kwa injini hiyo hiyo. Katika kuteremka, kamba hulegea, na wa nyuma humpiga wa mbele.

Akaja na hoja ya pili. Ana binamu yake London, naye kamwambia kwa simu kwamba huko Uingereza mtu mwenye gari lililolala hupiga simu akapanga siku ya kulipeleka kukaguliwa, kisha akaliendesha mpaka huko bila ya kodi ya barabara, na polisi hamgusi. Binamu hakusema uongo, ila alisema nusu. Uingereza, tangu mwaka 1998, kuna utaratibu wa mwenye gari kuiarifu serikali kwa maandishi kwamba gari lake haliko barabarani, na akishafanya hivyo halipishwi kodi. Likiwa katika hali hiyo haliruhusiwi kuendeshwa barabarani, isipokuwa kwenda kwenye ukaguzi uliopangiwa siku yake kabla. Hata hivyo katika safari hiyo moja lazima liwe na bima. Binamu aliikumbuka ruhusa akaisahau bima. Na zaidi ya hayo, ruhusa ya Uingereza haivuki bahari pamoja na simu.

Hapa kwetu hakuna taarifa ya namna hiyo ya kujaza, na kwa kweli sababu yake kubwa ilikwisha. Wazee wakumbuka ile leseni ya barabara iliyokuwa ikibandikwa kwenye kioo cha mbele, nayo ikalipiwa kila mwaka. Hata leo wako wajane na mayatima wanaoogopa kuligusa gari la marehemu kwa kudhani kwamba deni la leseni limekuwa likipanda muda wote huu. Hofu hiyo naiondoa hapa. Leseni ile ilifutwa na bajeti ya mwaka 2006, na badala yake ushuru wa barabara katika mafuta ukapandishwa kutoka shilingi 5.80 mpaka shilingi 9 kwa lita. Tangu hapo umepandishwa tena na tena. Anayelipia barabara ni anayetia mafuta. Gari lililolala halinywi, kwa hiyo halidaiwi. Majirani zetu wa Tanzania nao walifuata njia kama hiyo mwaka 2017. Ni kweli kwamba mwaka 2024 serikali ya Kenya ilipendekeza kila gari litozwe asilimia 2.5 ya thamani yake wakati wa kuchukua bima, lakini pendekezo hilo liliachwa mwezi wa Juni mwaka huo huo, katika ule msukosuko wa Mswada wa Fedha.

Kuna na vile vibao vya biashara, vinavyoanza kwa KD au KG, ambavyo hupewa watu wa kazi ya magari kwa leseni yao wenyewe. Fundi mmoja mchangamfu alimwambia kijana, "Nitakuazima changu, ukifika unirudishie." Vibao hivyo ni vya mwenye leseni na kazi yake. Si kanzu ya kuazimwa kwa harusi. Ukifunga cha mtu juu ya gari la marehemu, umeongeza kosa la pili juu ya la kwanza, na yule fundi naye umemtia ndani.

Sasa njia za halali. Ziko mbili. Ya kwanza ni kulifanya gari liwe zima hapo hapo uani, kiasi cha breki, matairi, taa na usukani kuaminika, kisha kulikatia bima na kuliendesha kama gari jingine lolote. Bima yenyewe si lazima iwe ya mwaka mzima. Makampuni huuza thad pati ya mwezi mmoja, na kwa gari dogo la nyumbani bei yake si ya kumkimbiza mtu. Njia ya pili ni kulipandisha juu ya lori likawa mzigo.

Kijana akachagua ile ya kwanza kwa kuwa aliiona rahisi. Akaenda kwa wakala wa bima hapo mjini. Wakala akamwuliza jambo moja tu: "Gari liko katika jina la nani?"

Na hapa ndipo tunapoingia mlango wa pili.

Sheria ya Trafiki yasema kwamba mtu ambaye gari limesajiliwa kwa jina lake ndiye atakayehesabiwa kuwa mwenyewe, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Jina lililo katika logibuku ya 504 ile ni la mtu aliyelala Kikowani. Maiti hafanyi mkataba wa bima. Na mwana, ingawa ni mwana, hawezi kuapa kwamba gari ni lake, kwa sababu si lake. Ni mali ya warithi wanne. Nimeona watu wakilikwepa hili kwa kuandika jina la marehemu katika fomu na kutia sahihi wenyewe. Karatasi hupatikana, ndiyo, lakini siku ya ajali kampuni yatazama tarehe ya kifo na tarehe ya sahihi.

Msomaji, mafungu yametajwa katika Suratun-Nisaa, nasi twayajua tangu chuoni, lakini ni wachache tunaoyatumia kwa kitu kinachooza. Nyumba na shamba husomewa mirathi. Dhahabu hugawanywa. Motokaa huachwa, kwa sababu kila mrithi asema ni ya kaka mkubwa, na kaka mkubwa asema ni ya wote. Hebu tuifanye hesabu. Tuseme fundi na dalali wameiangalia 504 na kusema kwamba kwa hali yake thamani yake ni shilingi 160,000, na marehemu hakuacha deni wala wasia. Mke, kwa kuwa kuna watoto, ana thumni, yaani shilingi 20,000. Zinazosalia 140,000 hugawanywa mafungu manne: mwana mawili, ambayo ni 70,000, na kila binti moja, ambalo ni 35,000. Kumbe basi huyo kijana aliyekuja na kamba siku ya Ijumaa hakuwa na hata nusu ya gari alilotaka kulivuta. Na katika hizo 35,000 za binti mdogo, ambaye bado yuko shule, pana mali ya yatima. Sina haja ya kuwakumbusha wasomaji wangu uzito wa maneno hayo.

Maalim wa chuo cha jirani, mtu mpole asiyependa kuingia mahakamani, alikaa nao barazani jioni moja. Yeye hakuwauliza habari za bima. Aliwauliza: "Kijana akitengeneza kwa fedha zake, hizo ni zawadi kwa ndugu zake, ni deni juu ya gari, au anunua mafungu yao?" Hakuna aliyejibu, kwa sababu hakuna aliyekuwa amefikiri. Injini, breki na rangi vyaweza kuzidi thamani ya gari lenyewe. Baada ya mwaka dada mkubwa aliyeolewa Lamu aje aseme, "Nataka fungu langu," na kaka aseme, "Fungu gani? Gari hili nimelifufua mimi." Ndugu wametengana kwa vitu vidogo kuliko hivyo. Maalim akawaambia waandike kabla ya boneti kufunguliwa.

Wakaandika. Kijana atanunua mafungu ya dada yake mkubwa na ya mamake kwa bei iliyokubaliwa, na fungu la mdogo litatiwa katika akaunti ya jina lake, lisiguswe. Mama alitaka kusamehe fungu lake. Dada mkubwa naye, kwa simu kutoka Lamu, akataka kusamehe. Lakini kwa lile la mtoto hakuna aliyekuwa na haki ya kusema nimesamehe, si mama wala kaka.

Kisha wakaenda kwa Kadhi. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 170, yaipa Mahakama ya Kadhi uwezo wa kuamua mambo ya mirathi pale wahusika wote wanapokuwa Waislamu na kuyakubali mamlaka yake. Na ile Sheria ya Mirathi ya nchi, Sura ya 160, tangu ilipobadilishwa mwaka 1990 yawaachia Waislamu mafungu yao kwa mujibu wa sheria ya Kiislamu. Cheti cha kifo, vitambulisho, logibuku, na ile karatasi ya barazani, vyote vilipelekwa. Nasema hivi kwa sababu wengi hufikiri kwamba barua ya chifu au maneno ya mzee wa mtaa yatosha kubadilisha jina la gari. Hayatoshi. Ofisi yataka karatasi ya mahakama inayotaja warithi.

Ofisi yenyewe siku hizi ni Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Kabla yake kazi ya kusajili magari ilikuwa chini ya mamlaka ya kodi. Maombi hufanywa kwa mtandao wa eCitizen, na kijana yeyote wa duka la kompyuta aweza kukusaidia, ila umwangalie asitie namba yake ya simu mahali pa yako. Ushauri wangu kwa mwenye gari la kale kama 504 ni kwamba kabla ya jambo lolote alipe ile ada ndogo ya kupekua rekodi, ajue serikali yalitambua gari lake kwa jina gani, namba gani ya chasisi na rangi gani. Gari lililopakwa rangi mara mbili na kutiwa injini ya gari jingine lataka kusahihishwa katika rekodi pia. Tena akumbuke kwamba gari likishahamishwa kwa mtu mwingine, sheria haimruhusu kulitumia barabarani zaidi ya siku 14 kabla ya jina jipya kuandikwa.

Hayo ya mahakama huchukua wakati wake. Je, gari likae uani likioza mpaka hukumu itoke? Hapa ndipo ile njia ya pili, ya lori, ilipopata maana. Kulihifadhi gari lisiharibike ni faida ya warithi wote, na wote walikuwa wamekubali kwa maandishi. Gari likiwa juu ya lori si gari tena kwa macho ya barabara. Ni mzigo, kama jokofu au mbao. Bima inayotakiwa ni ya lori, leseni ni ya dereva wa lori. La kuuliza ni kama bima yake yahusu na mzigo ulio mgongoni, maana winchi hukatika. Kijana aliuliza, akaonyeshwa karatasi, ndipo akatoa arbuni.

Fundi akaja siku moja kabla, na mimi nilikuwapo. Alifanya kazi ya nusu siku ambayo wengi huipuuza. Magurudumu ya nyuma yalikuwa yameshikana, breki na ngoma zake zimekuwa kitu kimoja kwa kutu. Hewa ya Mbaraki ni chumvi tupu. Akaliinua kwa jeki, akaweka magogo chini asije akaangukiwa, akagonga na kutia mafuta mpaka kila gurudumu likazunguka peke yake. Petroli ya zamani katika tangi ilikuwa imegeuka gundi yenye harufu ya rangi, akaitoa kwa mpira ndani ya debe ili lisiwe na moto wa kubeba njiani. Betri ya kale akaiondoa. Panya walikuwa wamekula nyaya za chini ya dashibodi. Matairi yalipasuka ubavuni kwa jua, lakini mawili yalishika upepo, na mengine mawili aliyaazima kutoka gerejini. Hakujaribu kuliwasha. "Injini iliyolala hivi," alisema, "ukiiamsha kwa pupa yavunjika ringi. Tutaifungua kwanza."

Asubuhi ya pili lori likaja, lile la kitanda bapa kinachoshuka nyuma mpaka chini. Kichochoro ni chembamba na lango la ua ni jembamba zaidi, kwa hiyo haikuwezekana liingie. Dereva akarudi nyuma taratibu, vijana wawili wakizuia bodaboda kila upande, mpaka ncha ya kitanda ikagusa kizingiti cha lango. Winchi ikavuta. 504 ikatoka chini ya mkungu ikiwa na majani juu ya paa, ikapanda moja kwa moja kutoka mchanga wa uani hadi kwenye chuma cha lori. Gurudumu lake halikukanyaga barabara hata shibiri moja. Ikafungwa minyororo minne, ikaenda Shimanzi mchana kweupe, ikapita mbele ya askari waliosimama njia panda, nao hawakuitazama mara mbili.

Iko huko sasa, imefunguliwa kichwa cha injini. Fundi amekubali kutotoa ufunguo mpaka jina jipya liandikwe na bima ya mwezi wa kwanza ionekane, kwa kuwa hata siku ya kulijaribu baada ya matengenezo barabara ni ile ile. Dada mkubwa amepokea fungu lake, na akaunti ya mdogo imefunguliwa. Mama ameshughulika na jambo lake la haraka: kuku walirudi jioni ile wakazunguka pale mahali palipokuwa na gari, wakipiga kelele, ikabidi watafutiwe tenga.